Haki za Mtu Aliyetendewa Kosa la Jinai: Kutoka Mwaloni hadi Mahakamani

Watumishi wa umma na wakazi wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika wanakumbushwa kuwa mtu aliyetendewa kosa la jinai anazo haki zake katika sheria. Nyingi kati ya haki hizo hupotea si kwa sababu zimekataliwa, bali kwa sababu hazikuombwa, au ziliombwa wakati muda wake umekwisha kupita.

Chanzo cha upotevu huo ni namna shauri la jinai lilivyojengwa. Katika Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, pande za shauri ni mbili tu: Jamhuri kwa upande mmoja na mshtakiwa kwa upande wa pili. Aliyeporwa, aliyepigwa au aliyebakwa si upande wa shauri. Yeye ni shahidi. Siku ya kusikilizwa huitwa, hula kiapo, husema aliyoyaona, huulizwa maswali, kisha huambiwa aende zake. Utaratibu huo una faida yake, nayo si ndogo: mtu asiye na kitu hahitaji kumlipa wakili ili aliyemdhulumu ashtakiwe, kwa kuwa Serikali, kwa kupitia Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, hulibeba shauri kwa niaba ya umma. Hasara yake ni kwamba wengi hutoka mahakamani wakiamini kuwa yaliyobaki ni baina ya Serikali na mshtakiwa, wala wao hawana la kudai.

Imani hiyo si sahihi. Ibara ya 107A ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, iliyoingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 2000, inaziagiza mahakama, pamoja na mambo mengine, kutochelewesha haki bila sababu ya msingi na kuwapatia fidia inayostahili watu walioumizwa na makosa ya wengine, kwa kadiri sheria zilizotungwa na Bunge zinavyoelekeza. Miaka 15 kabla ya hapo, tarehe 29 Novemba 1985, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha Azimio la Misingi ya Haki kwa Waathirika wa Uhalifu na Matumizi Mabaya ya Madaraka, likizitaka nchi wanachama ziwatendee watu hao kwa heshima, ziwape habari za mashauri yao, na kuwapatia fidia na msaada. Swali kwa mkazi wa mwambao ni hili: maneno hayo makubwa yanamfikiaje mtu aliyeko mwaloni?

TAARIFA NA MTU WA KWANZA KUIPOKEA

Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kila mtu anayepata habari kwamba kosa lililomo katika Kanuni ya Adhabu limetendeka, au linakusudiwa kutendeka, anapaswa kutoa taarifa mara moja kwa askari polisi au kwa mtu mwenye mamlaka katika eneo hilo. Naye mwenye mamlaka anapaswa kuifikisha taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu. Kwa vijiji kama Kagunga, kilichoko kaskazini jirani na mpaka wa Burundi, au Kalya, kilichoko mbali kusini katika Wilaya ya Uvinza, sharti hilo lina uzito wa pekee. Huko mwenyekiti na mtendaji wa kijiji ndio mlango wa sheria. Nao wazingatie kuwa kazi waliyopewa na sheria ni kuifikisha taarifa, si kuipima kwanza, wala kuwaita wahusika wapatane ili jina la kijiji lisichafuke.

Kituoni taarifa huandikwa katika kitabu, na mlalamikaji hupewa namba ya kumbukumbu ambayo watu wengi huiita RB. Huduma hiyo ni bure. Namba hiyo itunzwe, kwa kuwa ndiyo itakayotumika kila mara mlalamikaji atakaporudi kuuliza upelelezi umefikia wapi.

Baada ya hapo huandikwa maelezo, na hapa ndipo mashauri mengi yenye haki huanza kuharibika. Maelezo ya siku ile yanaweza kulinganishwa na ushahidi utakaotolewa mahakamani miezi mingi baadaye, na tofauti yoyote kubwa humnufaisha mshtakiwa. Kwa hiyo mwathirika anayo haki ya kusomewa maelezo yake kabla ya kutia saini, na kusahihisha yasiyo sawa. Mtu anayesema Kiha, Kibembe au Kirundi na ambaye Kiswahili chake hakitoshi kueleza jambo la aibu au la kutisha, aombe mkalimani. Kukubali kwa kichwa tu ili mambo yaishe ni kujipunguzia haki.

Sheria ya jinai haiulizi uraia wa aliyetendewa kosa. Mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, ambayo ilianzishwa mwaka 1996, mfanyabiashara kutoka Kalemie au Bujumbura na mkazi wa Mwanga wote hupokelewa taarifa zao kwa namna moja.

FOMU YA PF3 NA SAA 72

Aliyejeruhiwa hupewa na polisi fomu namba 3, maarufu kama PF3, ambayo mganga huijaza baada ya uchunguzi na kuirejesha polisi. Fomu hiyo haiuzwi. Aidha, ieleweke kuwa PF3 ni karatasi ya ushahidi. Si kibali cha kutibiwa. Mtu anayevuja damu au aliyebakwa hapaswi kuzuiwa mlangoni mwa kituo cha afya kwa kuwa hana karatasi. Atibiwe, kisha fomu ifuatwe, hata kama itafuatwa na ndugu. Watumishi wa afya wanaoendelea kushikilia utaratibu wa zamani wanawanyima watu tiba na pia wanaiharibia Jamhuri ushahidi.

Kwa aliyebakwa au kulawitiwa muda ndio hatari kubwa. Dawa za kukinga maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na zinapoanzwa mapema zaidi ndivyo zinavyofaa zaidi. Humezwa kwa siku 28. Dawa za kuzuia mimba hufaa ndani ya saa 120. Mtu aliyeshambuliwa Ijumaa saa 3 usiku anao muda hadi Jumatatu saa 3 usiku, basi. Mjini hesabu hiyo si ngumu: kutoka Ujiji hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ni mwendo mfupi wa gari. Lakini kwa vijiji ambavyo njia yao ni maji, ambavyo hutegemea boti za abiria zinazotoka Kibirizi kwenda kaskazini na zile zinazotoka Ujiji kwenda kusini, safari inategemea ratiba ya boti, na katika miezi ya kiangazi, upepo wa kusi unapovuma, boti inaweza isiondoke kabisa. Siku moja ya kikao cha ukoo na siku moja ya kungoja boti zinatosha kuzila saa zote. Hivyo mwathirika aanzie zahanati iliyo karibu bila kungoja uamuzi wa mtu yeyote, na mganga wa zahanati asaidie kuomba usafiri wa haraka.

Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Zikunjwe na kuwekwa ndani ya mfuko wa karatasi au bahasha ya kaki, si mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu ndani ya plastiki huharibu kile ambacho wachunguzi wanakitafuta. Ni vigumu kumwambia mtu aliyedhalilishwa asioge kabla ya kuonana na mganga, lakini ni lazima aambiwe, na aambiwe kwa upole na mtu anayemwamini.

TAA, UMBALI NA NAMBA YA INJINI

Uporaji wa injini za boti, nyavu na samaki ziwani ni balaa linalolalamikiwa kwa miaka mingi na wavuvi wa nchi zote nne zinazolizunguka ziwa: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kisheria uporaji wa namna hiyo, ukitendwa kwa silaha, ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, na mshtakiwa hapewi dhamana. Kwa kuwa adhabu ni kubwa, ushahidi nao hupimwa kwa mizani kali, na wavuvi wengi wamewahi kumwona mtu wanayemfahamu akiachiwa huru bila kuelewa sababu.

Sababu kwa kawaida ni utambuzi. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani imeelekeza kuwa ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho, hasa usiku, usitegemewe mpaka mahakama iridhike kuwa hakuna nafasi ya kukosea. Mahakama hutaka kujua shahidi alimwona mshtakiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, kama kulikuwa na kizuizi, na kama alikuwa akimfahamu kabla. Mvuvi wa dagaa ana jambo moja la bahati katika hili, nalo ni taa. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku kwa taa zinazovuta samaki, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za sola. Basi katika maelezo ya polisi haitoshi kusema palikuwa na mwanga. Isemwe taa zilikuwa ngapi, za aina gani, zilining'inia upande gani wa chombo, mnyang'anyi alisimama hatua ngapi kutoka kwenye taa, alivaa nini, na mambo hayo yalichukua muda gani. Kama mmoja wao anafahamika, atajwe jina, au jina lake la utani, au kijiji chake, siku ileile na kwa mtu wa kwanza atakayeonana naye, awe askari au mwenyekiti. Jina linalotajwa wiki mbili baadaye huzua maswali: kwa nini halikutajwa mapema? Hofu ni jibu la kweli, ila si kila mara mahakama hulipokea.

Mali nayo ina kanuni yake. Injini za aina moja zinafanana kama mapacha, na polisi wanapoikamata moja katika mwalo mwingine, mwenye mali hatakiwi kuoneshwa kwanza ndipo aseme ni yangu. Anatakiwa kueleza alama kabla ya kuoneshwa: namba iliyogongwa na kiwanda, mahali palipochomelewa, rangi iliyopakwa, kamba iliyofungwa. Risiti ya kununulia ndiyo ushahidi wenye nguvu kuliko wote. Risiti hulowa, hupotea, au hubaki kwa aliyeuza injini hiyo mara ya kwanza. Kwa hiyo ni busara namba ya injini iandikwe pia katika daftari la kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, na nakala ya risiti iachwe nyumbani nchi kavu. Mwenye chombo anayenunua injini kuukuu mkononi mwa mtu pasipo maandishi anajitia hatarini mara mbili: ikiibwa hawezi kuthibitisha ni yake, na ikiwa iliibwa kwa mwingine atahesabiwa kuwa amepokea mali ya wizi.

Mali ikikamatwa huwa kielelezo, na mvuvi hukaa bila chombo cha kazi wakati shauri likiendelea. Hapa pia watu huvumilia kimya kimya pasipo kujua kuwa sheria inaipa mahakama uwezo wa kutoa amri juu ya mali iliyokamatwa. Mwenye mali amweleze mwendesha mashtaka hasara anayoipata, ili ombi lifikishwe kwa hakimu. Na mshtakiwa akitiwa hatiani, mahakama inaweza kuamuru mali irejeshwe kwa mwenyewe bila kulazimu kufungua shauri jingine.

Pale ambapo wanyang'anyi wamevuka kwenda nchi jirani, taarifa itolewe upande wa Tanzania palepale, ikieleza kwa kadiri inavyowezekana chombo kilikuwa mbele ya kijiji gani na umbali gani kutoka ufukweni. Mawasiliano na nchi nyingine ni kazi ya Jeshi la Polisi kwa kupitia Interpol. Mvuvi asijaribu kuvuka kwenda kuikomboa injini kwa fedha zake.

MAMBO YASIYOMALIZWA BARAZANI

Usuluhishi wa wazee una heshima yake, na sheria yenyewe inautambua. Katika shambulio la kawaida, au kosa dogo lililo la binafsi baina ya watu, mahakama inaruhusiwa kuhimiza wahusika wapatane, hata kwa malipo ya fidia, na shauri likaishia hapo. Majirani wawili waliorushiana ngumi kwa ajili ya mpaka wa shamba la michikichi wana sababu ya kupatana.

Mipaka ya ruhusa hiyo, hata hivyo, iko wazi. Ubakaji, ulawiti, unyang'anyi na ukatili dhidi ya mtoto havimalizwi na baraza la kata, ukoo, wala viongozi wa dini. Fedha, mbuzi au ahadi ya ndoa haifuti kosa, na kupokea malipo ili kosa kubwa la jinai lifichwe ni kosa lenyewe. Mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Mzazi anayepatana na mtu huyo hana mamlaka ya kumsamehe. Aliyekosewa ni mtoto. Mwalimu mkuu, mganga wa zahanati na mtendaji wa kata ambao habari hizo huwafikia mapema kuliko polisi wana wajibu wa kuzitoa, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari kuwa haki za mtoto zinavunjwa aipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake.

Hofu inayowafanya ndugu wapatane mara nyingi ni aibu ya mahakamani. Yafaa ijulikane, basi, kuwa ushahidi katika makosa ya kujamiiana hutolewa faraghani, watu wasiohusika wakiwa wametolewa nje, na magazeti na vyombo vingine vya habari haviruhusiwi kuutangaza. Mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi tu kusema kweli na kutosema uongo, na mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake ikiridhika kuwa amesema kweli. Ushahidi wa shahidi mwingine aliyeona si sharti.

FIDIA

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa hakimu uwezo, pale anapomtia mtu hatiani kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, kuamuru amlipe fidia ya fedha au ya mali yule aliyepata hasara au jeraha, pamoja na adhabu nyingine yoyote atakayompa. Faini nayo inaweza kuelekezwa, yote au sehemu yake, kwa aliyeumia. Katika ubakaji Bunge halikuachia hiari: tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, anayetiwa hatiani hupaswa kuamriwa kumlipa fidia aliyetendewa, kiasi kikiwa ni cha mahakama kuamua.

Uwezo huo upo, lakini hakimu hawezi kukisia thamani ya wavu au gharama za mguu uliovunjika. Wakati muafaka ni mfupi nao haurudi: mara baada ya mshtakiwa kutiwa hatiani, kabla ya adhabu kutamkwa, mwendesha mashtaka huulizwa kama ana la kusema. Hapo ndipo ombi la fidia linapopaswa kuwekwa mbele ya mahakama. Mwathirika aliyemweleza mwendesha mashtaka mapema, akiwa na risiti za hospitali, nauli za boti, bei ya mali iliyopotea na hesabu ya siku alizoshindwa kufanya kazi, ana nafasi kubwa ya kupata amri. Aliyekwenda zake baada ya kutoa ushahidi, asijue hata siku ya hukumu, hana wa kumsemea. Kwa hiyo kila shahidi wa Jamhuri aulize tarehe ya hukumu, na ofisi za mashtaka zisione swali hilo kuwa usumbufu.

Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa baina ya mwendesha mashtaka na mshtakiwa. Inaelekezwa kwamba mwathirika au mpelelezi ashauriwe kwanza inapowezekana, na makubaliano yanaweza kubeba sharti la fidia. Makosa ya kujamiiana yenye adhabu inayozidi miaka mitano, au yaliyotendwa dhidi ya mtu wa chini ya miaka 18, hayaingii katika mpango huo.

Ukweli usio mtamu nao lazima usemwe. Amri ya fidia hulipwa kutoka mfukoni mwa mkosaji, na mkosaji aliyefungwa miaka 30 mara nyingi hana mfuko. Mali yake, kama ipo, inaweza kukamatwa kwa amri ya mahakama. Kama haipo, karatasi hubaki karatasi. Tanzania haina mfuko wa jumla wa Serikali wa kuwalipa waathirika wa uhalifu. New Zealand ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1963, Uingereza ikafuata kwa mpango wake mwaka 1964, na jirani zetu wa Kenya walipotunga Sheria ya Ulinzi wa Waathirika mwaka 2014 waliweka ndani yake mfuko maalumu. Hapa nchini ni Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 iliyoanzisha mfuko kwa waathirika wa kosa hilo pekee. Pengo hili ni kubwa, na ni haki wananchi waambiwe lipo kuliko kuahidiwa wasichoweza kukipata.

Ipo njia ya pili, ya shauri la madai. Muda wake kwa madhara ya namna hii ni miaka mitatu. Hukumu ya jinai iliyokwisha kuwa ya mwisho huchukuliwa kuwa uthibitisho kamili kwamba aliyehukumiwa alitenda kosa, hivyo mdai hulazimika kuthibitisha hasara tu. Na alichokwisha kulipwa kama fidia katika jinai huhesabiwa. Ndugu wa aliyeuawa, ambao hawaguswi na amri ya fidia katika shauri la mauaji kwa kuwa kosa hilo lina adhabu ya kifo, hutumia njia hii chini ya Sura ya 310 ya Sheria za Tanzania, kwa manufaa ya mjane au mgane, watoto na wazazi wa marehemu.

MSHTAKIWA ANAPOONEKANA TENA MTAANI

Hakuna jambo linalovunja moyo wa mlalamikaji kama kumkuta mshtakiwa sokoni siku tatu baada ya kukamatwa. Wengi husema papo hapo kuwa fedha zimepita. Pengine, na aliyeombwa au aliyeona rushwa apige simu ya TAKUKURU, namba 113. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni dhamana, ambayo ni haki ya mshtakiwa katika makosa yote isipokuwa yale yaliyotengwa na sheria, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Dhamana haimaanishi shauri limekwisha. Mshtakiwa akimtishia shahidi, au akituma watu wamshawishi, taarifa itolewe polisi na kwa mwendesha mashtaka ili mahakama iongeze masharti au iifute dhamana hiyo. Sheria ya Watoa Taarifa na Ulinzi wa Mashahidi ya mwaka 2015 inatambua hatari hiyo na kuweka utaratibu wa ulinzi.

Mkoa huu umewahi kuona ulinzi wa haraka uligharimu nini. Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yalipopamba moto miaka ya 2007 hadi 2009, watoto wengi walikimbiziwa shule ya Kabanga, Wilaya ya Kasulu, wakaishi ndani ya uzio ili wapone. Walipona, lakini waliotendewa uovu ndio waliotenganishwa na mama zao kwa miaka mingi. Ulinzi unaomwacha mtoto nyumbani kwao, pale unapowezekana, ni bora zaidi, na huo hutegemea kijiji kilivyo tayari kutoa taarifa.

PA KWENDA

Katika vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo hupokea malalamiko ya ukatili mahali pa faragha, mbali na kaunta ya wote. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, nayo ni bure. Dharura ya polisi ni 112. Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri hushughulikia mtoto au mwanamke anayehitaji mahali salama pa kulala, ushauri nasaha, na kusindikizwa mahakamani. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zilizoundwa kwa mpango wa taifa wa mwaka 2017 unaojulikana kama MTAKUWWA, zinapaswa kuwapo tangu ngazi ya kijiji na mtaa. Mkazi ana haki ya kuuliza wajumbe wa eneo lake ni nani.

Kwa ushauri wa sheria wapo wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wao si mawakili na hawamwakilishi mtu mahakamani. Huelekeza, huandika barua na kumwonesha mtu ofisi husika. Huduma yao haina malipo, na anayedai malipo aripotiwe kwa msajili msaidizi aliyeko halmashauri. Malalamiko dhidi ya kituo cha polisi huanzia kwa mkuu wa kituo, kisha Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kisha Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Aidha Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya maandishi dhidi ya ofisi yoyote ya umma.

Mashauri ya ngazi ya Mahakama Kuu, ambayo zamani yalitegemea Tabora, husikilizwa Kigoma kwenyewe baada ya jengo lake kufunguliwa mwaka 2020, jambo lililowapunguzia mashahidi safari ya reli. Makosa madogo, ambayo ndiyo mengi, yangali yanaanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako mlalamikaji huendesha shauri lake mwenyewe kwa Kiswahili. Huko asipofika siku iliyopangwa bila kutoa sababu, shauri linaweza kufutwa. Na mshtakiwa akiachiwa huru, mlalamikaji wa Mahakama ya Mwanzo anayo haki ambayo shahidi wa mahakama za juu hana: anaweza kukata rufaa yeye mwenyewe kwenda Mahakama ya Wilaya, ndani ya siku 30 tangu tarehe ya uamuzi. Nakala ya hukumu iombwe siku hiyohiyo inaposomwa.